Shamba la ng'ambo na shamba letu

Jamaa moja ya wakulima wa njia ya Kasumbalesa ilikaa siku sita Zambia, sasa imerudi kwa kazi yake

Mfanyakazi wa mgodi wa huku kwetu Katanga ana kazi mbili. Ya kwanza imeandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Ya pili ni shamba, na hiyo haiandikwi popote. Tangu Gécamines ianguke, na zaidi tangu wale wenzetu zaidi ya 10,000 waondolewe kazini mwaka 2003 na 2004 kwa ile iliyoitwa "départ volontaire", jamaa nyingi za wachimbaji zilirudi kwenye jembe. Baba yetu alikuwa mmoja wa wale waliotia sahihi. Pesa aliyopewa ilinunua baiskeli mbili, mabati ya nyumba, na haki ya kulima hektari tatu kando ya kijito, njia ya kwenda Kasumbalesa. Baba amekwisha kufa. Baiskeli ziliibiwa. Shamba lipo.

Sisi tunaoandika haya ni delegue wa sendika katika kampani moja ya shaba, kazi ya zamu, wiki ya mchana na wiki ya usiku. Lakini siku za mapumziko utatukuta kule shambani pamoja na Mama, yaya wetu mkubwa, wake zetu na watoto saba. Kwa hiyo tukisema "sisi", ni jamaa yote.

Mwezi wa saba mwaka 2025, watoto walipofunga masomo, tulivuka mupaka. Si safari ya kutembea tu. Shangazi yetu, dada ya Baba, aliolewa Kitwe tangu zamani, na mume wake alikufa mwezi wa tatu. Ilibidi jamaa ifike kumaliza matanga. Ila kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo ndiyo ilifanya tuende wengi, wakubwa watano na watoto wanne. Tangu mwezi wa tano kuna mtu anatembelea mashamba ya kando ya kijito chetu na karatasi mkononi. Anatumwa na kampani inayotafuta mahali pa kuweka bwawa la maji ya kiwanda. Anatoa bei kwa hektari, anataka sahihi, anasema nafasi ni chache. Yaya alikuwa amekwisha kukubali ndani ya moyo wake. Mama alikataa hata kumpa yule mtu kiti. Tukasema: twende kwanza tuone namna jamaa ya Shangazi wanavyolima, maana kila mwaka tunasikia kwamba kule mahindi yanajaa mpaka yanafika sokoni kwetu. Tukirudi, tutajua kama shamba letu ni shamba kweli au ni mazoea tu.

Kutoka Kasumbalesa mpaka Kitwe si mbali, ni kama kilomita mia moja. Kazi yote iko pale mupakani. Karatasi za safari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kipimo cha joto, mstari, mstari mwingine. Malori yalikuwa yamejipanga hata macho yanachoka: yanayoteremka kusini yamebeba shaba, yanayopanda kwetu yamebeba chokaa, salfa, saruji, unga. Mtoto wa yaya, mwenye miaka tisa, alihesabu mpaka malori 140 akaacha. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba tulipovuka tu, magari yalihamia upande wa kushoto wa njia. Alidhani dereva wetu amelewa. Akina mama wa biashara ndogo wanapita hapo kila siku na mifuko ya unga kichwani, mmoja baada ya mwingine kama siafu, na baiskeli zinabeba mingine mitatu minne kwa mara moja. Wenye kula bukari Lubumbashi wangepaswa kwenda kuona ile mistari angalau mara moja.

Mupaka huu wenyewe hauna mto wala ukuta. Wazungu waliukata mwaka 1894 kwa kufuata mgongo wa nchi, pale maji yanapogawanyika. Mvua inayonyesha upande wetu inaingia vijito vinavyokwenda Kafubu, Luapula, mpaka mto Congo na bahari ya magharibi. Mvua ileile ikianguka hatua chache kusini inakwenda Kafue, Zambezi, na kutokea bahari ya Hindi. Watu hawakugawanyika hivyo. Walamba wako huku na huku. Mama hajui Kiingereza hata neno moja, lakini tulipofika Chililabombwe alikuwa tayari anagombana na muuza ndizi kwa Kibemba, na akapata bei.

Habari za matanga tutazipita upesi, maana ni za jamaa. Watu walikuja wengi, wachimbaji wa zamani wa Nkana waliimba usiku kucha, nyama ilitosha. Siku ya tatu asubuhi, mtoto wa Shangazi alitupakia kwenye gari ndogo akatupeleka shambani, chini ya Chambishi.

Shamba lao lina sehemu mbili. Ya juu ni hektari mbili. Yaya alichukua udongo mkononi, akaupasua, akanusa. "Njo ileile," alisema. Ni kweli, ni udongo mwekundu kama wetu, wenye vichuguu kama vyetu, na mvua yao inaanza mwezi mmoja na yetu, wa kumi na moja. Tukauliza hesabu. Sisi, kwa hektari zetu tatu, mwaka huu tulipata mifuko 46 ya kilo 50. Wao, kwa hektari mbili za juu, walipata mifuko 96. Tulirudia swali tukidhani hatukusikia vizuri. Mama alikwenda kuiona ghalani, akaigusa.

Uchawi hakuna. Wanalima kwa jembe na ng'ombe wawili wa kuazima. Tofauti ni kwamba mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanguka, mbegu ya kiwandani na mbolea vimekwisha kufika kwenye kooperative yao, kwa bei ambayo serikali imelipa sehemu. Mbolea ya kupandia wanaiita D. Ukisoma mfuko utaona ni 10-20-10, ileile tunayoijua. Baadaye wanatia urea mahindi yakifika magotini. Sisi pia tunaijua kazi hiyo. Lakini kwetu mbolea tunainunua moja moja sokoni, na mara nyingi tunaipata mwezi wa kwanza, wakati mahindi yamekwisha kuwa ya njano kwa njaa. Mbolea ya kuchelewa ni kama chakula cha mgonjwa aliyekwisha kufa.

Tofauti ya pili ni mizani. Kuna wakala wa serikali wa akiba ya chakula, wanauita FRA, unaonunua mahindi kwa mkulima kwa bei inayotangazwa kwa nchi nzima. Mkulima anajua kabla ya kupakia mfuko atapata kwacha ngapi. Usidhani ni paradiso. Shangazi alilalamika kwamba malipo yanachelewa, miezi inapita na watoto wanadaiwa masomo, na wachuuzi wenye pesa mkononi wanapita na kununua kwa hasara ya mkulima. Wakati wa ukame wa 2024, ule uliofanya rais wao atangaze msiba wa taifa, hata wao walinunua unga kwa shida, na Zambia ikabana mahindi yasitoke. Wasomaji wetu wanakumbuka namna bei ya mfuko wa kilo 25 ilivyopanda Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mwaka ule. Mwezi wa nane ikaongezeka habari nyingine: mupaka ulifungwa siku chache kwa ugomvi wa bia na maji ya sukari, na sisi tuliokuwa na mahindi kidogo ghalani tulionekana matajiri. Mwaka 2025 wao walivuna kwa nguvu. Serikali yao ilitangaza tani zaidi ya milioni 3.6.

Basi yaya alikuwa ameanza kutabasamu. Alisema kama shamba la kwetu linaweza kutoa hata nusu ya hayo, yule mtu wa karatasi anatoa bei ya mchezo. Mtoto wa Shangazi akasema, "Munganje kidogo. Twende ku ya chini."

Sehemu ya chini ni hektari moja, kando ya kijito kinachoingia Kafue. Zamani ndiyo ilikuwa bora, kwa sababu unyevu haukauki. Hapo walipanda mahindi ya kuchoma, nyanya, vitunguu, matembele. Tulikuta mabua ya mwaka huu yamesimama, membamba, rangi ya majivu, bila gunzi hata moja. Hakuna aliyejisumbua kuyakata.

Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, pale Chambishi, ukuta wa bwawa la takataka za kiwanda cha shaba ulipasuka. Lita karibu milioni 50 za maji ya asidi ziliingia vijitoni, zikafika Kafue. Tulizisoma habari hizo siku zile, na wengi wetu tulisema "pole" tukageuza ukurasa. Kuzisikia kutoka mdomo wa Shangazi ni kitu kingine. Alisema asubuhi ile aliona samaki wanaelea tumbo juu, hata wale wadogo wa mchangani, akadhani kuna mtu ametia sumu ya kuvulia. Maji yalipanda kwenye mistari ya mahindi yaliyokuwa yanatoa ndevu. Baada ya siku chache majani yalijikunja. Kitwe, mji mkubwa vile, ulikatiwa maji ya bomba. Serikali ikamwaga chokaa mtoni kupunguza asidi, wakatumia hata ndege. Mtoto wa yaya akauliza kama ni ile chokaa ya malori ya mupakani. Hakuna aliyemjibu, lakini swali lilikuwa zuri: chokaa inayokuja kwetu inatumika viwandani kwa kazi hiyohiyo ya kutuliza asidi, kabla maji hayajatolewa. Ikitumika ndani inaitwa kazi. Ikimwagwa mtoni, ni kwa sababu kazi haikufanyika.

Jamaa ya Shangazi waliandikwa kwenye orodha, wakapewa malipo. Alituonyesha hesabu: haikufika hata gharama ya mbegu, mbolea na vibarua vya ile hektari, bila kuhesabu mahindi yenyewe, bila kuhesabu mwaka ujao. Udongo ulichukuliwa kupimwa. Majibu hajayaona. Kwa hiyo hapandi. Mboga za nyumbani sasa ananunua sokoni, yeye aliyekuwa akiuza.

Usiku ule tulikaa nje kwenye moto, maana baridi ya mwezi wa saba kule inauma kama ya kwetu. Mtoto wa Shangazi anafanya kazi chini ya ardhi Kitwe, na yeye pia ni mtu wa sendika, kwa hiyo mazungumzo yalikwenda pale yanapokwenda siku zote. Baba zake walisimulia migomo ya 1935 na 1940, wafanyakazi waliopigwa risasi. Wetu walisimulia Élisabethville, Desemba 1941, uwanja wa mpira. Alisimulia Mufulira, tarehe 25 Septemba 1970, matope ya bwawa la takataka yalipoingia ndani ya mgodi na kuua wachimbaji 89. Alisimama pale. Akasema: angalia vizuri, kamaradi, mwaka 1970 bwawa lilimwagika chini, likaua wachimbaji, mwaka huu limemwagika pembeni, limeua shamba la mama wa mchimbaji. Sisi kwenye mikutano yetu tunaongea kofia, viatu, bonasi na transpoti. Bwawa hatuliongelei, tunasema ni la wainjinia.

Neno hilo tulirudi nalo. Sisi tumekaa kwenye meza na waajiri mara nyingi, na orodha ya madai tunaijua kwa moyo. Bei ya unga huwa inaingia, lakini kama mapambo ya mwisho. Na unga haukuwa pambo. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, na unga wa Rhodesia ulipanda juu yake kulisha wachimbaji. Union Minière ikautoa kama posho, na Gécamines ikafuata. Wazee wetu hawakupanga mstari dukani, posho ilifika. Leo posho imekuwa pesa ndani ya mshahara. Mupaka ukifungwa siku tatu, pesa ile inageuka karatasi, na kinachobaki kumlisha mchimbaji ni shamba la mama yake. Ndiyo maana mtu anayekuja na karatasi ya kununua mashamba ya kijitoni anagusa mshahara wetu, hata kama hajui.

Tulirudi siku ya Mungu, mifuko miwili ya unga kwenye gari, ushuru tumelipa, watoto wamelala juu yake. Mfuko uleule, kwa soko la karibu na nyumbani, ulikuwa ghali zaidi kwa kiasi ambacho Mama alikataa kukisema mbele ya majirani, asije akatumwa.

Siku iliyofuata, saa kumi na nusu ya usiku, basi la kazi lilipita kama kawaida. Sisi tulipanda. Mama alikwenda bustanini na watoto wawili, kumwagilia lengalenga na nyanya kwa ndoo, kwa sababu ile ya kumwagilia imetoboka. Wake zetu walipukuchua mahindi. Yaya alitengeneza paa la banda la mbuzi. Ukipita njiani ungesema hawa watu hawakwenda popote. Ila kuna vitu vichache tulivyofanya wiki ile na zilizofuata, na tunavitaja kwa sababu tunajua jamaa nyingi zinazosoma ukurasa huu zinatembelewa na watu wa karatasi.

Tulimwita katibu wa chifu, tukapima shamba kwa kamba, tukaandika: hektari tatu na kidogo, miembe kumi na moja, miavokado minne, kisima kimoja. Tulipiga picha za kijito, maji yakiwa bado safi, na tarehe. Halafu tulichukua Kode ya Madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, tukamsomea Mama na yaya kifungu cha 281 polepole, tukigeuza Kifaransa kwa Kiswahili. Kinasema mwenye kibali cha mgodi akimnyima mtu matumizi ya ardhi yake, au akaifanya isifae tena kulimwa, anapaswa kulipa: ama kodi yake, ama thamani yake siku alipoichukua, na nusu ya thamani hiyo juu yake. Na anayehesabiwa si mwenye hati peke yake, hata mwenye kuitumia ardhi kwa kawaida ana haki. Yaya alichukua kalamu, akapiga hesabu ya mifuko 46, si 96, akaweka na miti. Bei ya yule mtu ilikuwa chini ya hapo mbali.

Hatusemi yaya amebadilika. Ana deni, ana mtoto wa kwanza anayetaka kuingia chuo Lubumbashi, na anasema kitu ambacho hatuna jibu lake: tukikataa sisi, majirani wakikubali, bwawa litajengwa juu yetu na tutabaki na shamba chini yake, kama Shangazi. Mama anamwambia, "Hata. Baba yako hakuuza, na alikuwa na njaa kukupita." Wanaongea hivyo karibu kila jioni. Majirani nao wamegawanyika. Jamaa tatu zimekwisha kutia sahihi, na hatuwalaumu, tunajua hali zao.

Kwa upande wa sendika, kwenye mkutano wa mwezi wa nane tuliomba mambo mawili yaandikwe juu ya orodha, si chini. La kwanza, kwamba sehemu ya unga ndani ya mshahara ifuate bei ya mfuko sokoni, ipimwe kila miezi mitatu. La pili, kwamba delegue wa usalama wawe na haki ya kufika kwenye ukuta wa bwawa na kuona daftari la ukaguzi, kama wanavyoona mashine. Wenzetu wawili walicheka la pili, wakasema sasa tumekuwa wakulima. Lilipita kwa kura. Mwajiri amepokea barua, majibu bado.

Wenye mashamba kando ya kijito hicho wanaotaka kupima na kuandika kabla ya kuongea na mtu yeyote, waje kwenye mkutano wa wakulima kwa chifu, jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, asubuhi. Njoo na karatasi zako zote, hata zilizochanika, na hesabu ya miti. Njoo na mke wako pia, maana ndiye anayejua mipaka.

Wiki iliyopita yaya aliuza mbuzi wawili. Tulidhani ni kwa ajili ya deni. Jioni alirudi na mifuko miwili ya 10-20-10 nyuma ya baiskeli ya kukodi, akaiweka ndani ya nyumba juu ya mbao, mbali na unyevu. Karatasi ya yule mtu bado iko kabatini, haina sahihi.